Kujikinga na Ukimwi, na Wajibu wa Watu wa Msikiti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hakuteremsha maradhi illa aliteremsha na dawa yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Maneno haya asili yake ni darsa tuliyoisoma hapa Daraja Mbili, katika mji wa Kisii, baina ya Magharibi na Isha, mbele ya watu ambao wengi wao ni wafanya biashara wa sokoni. Baadhi ya ndugu zetu wa Pwani waliokuwako siku ile walitutaka tuyaandike yapate kusomwa huko kwao. Walisema, na walisema kweli, kwamba wanaokuja hapa kununua ndizi na maparachichi ni watoto wao na waume wa binti zao. Basi tumekubali, kwani jambo lenyewe lawahusu wao kama lituhusuvyo sisi.

Barabara ipitayo Kisii yaelekea upande mmoja Migori mpaka Isebania, penye mpaka wa Tanzania, na upande wa pili yaelekea Kisumu. Hizo ndizo nchi ambazo Ukimwi umezishika kuliko nyingine zote katika Kenya. Uchunguzi mkubwa uliofanywa na serikali mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima, kila watu wazima 1,000, walio na virusi vya Ukimwi ni 49. Homa Bay, ambao ni jirani zetu, walikuwa 196, Kisumu 175, Migori 130. Mtu wa Mombasa au wa Malindi akisikia hesabu hizi husema: hayo ni maradhi ya watu wa bara. Neno hili tumelisikia kwa masikio yetu, tena kutoka kwa watu wenye ndevu nyeupe. Na sisi twauliza: je, virusi vina miguu ya kupandia Kisii na kuteremkia Mombasa? Havina. Achukuliwaye na gari ni mtu; naye hupakia mzigo wake hapa, akalala njiani siku mbili tatu, kisha akafika kwake akabisha hodi, na mkewe akamfungulia mlango kwa furaha.

Huyo mke ndiye tunayetaka kumzungumza. Mimbari zetu zina desturi, likitajwa neno Ukimwi, kutaja zina na kuilaani, kisha khutba ikesha. Zina ni haramu, hapana Muislamu asiyejua hivyo, wala katika maandiko haya hapana herufi moja iliyokusudiwa kuifanya nyepesi. Kuiacha zina na kumtosheka mtu na mkewe ndiyo kinga ya kwanza, na madaktari wenyewe wasema hivyo. Lakini yule mke aliyemo ndani ya nyumba yake, mwenye kusali sala tano, asiyemjua mwanamume mwingine duniani, khutba hii imempa kinga gani? Uchunguzi tulioutaja ulionyesha kuwa wanawake wenye virusi ni 66 katika kila 1,000, na wanaume ni 31. Anayedhani kuwa wanawake wa nchi hii wamewashinda wanaume kwa uzinifu mara mbili, basi huyo hajui watu. Wengi wao waliletewa nyumbani.

Wako wasemao kwamba kujikinga na maradhi ni kukosa kutawakali, na kwamba liloandikwa halifutiki. Maneno haya si mageni, na jawabu lake lilikwisha kutolewa zamani. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar (R.A.) alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapata khabari kuwa huko aendako kumeingia tauni. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamkabili kwa swali hilo hilo la watu wa leo: wakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu kwa maana ya kwamba aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bondeni penye upande wenye majani na upande mkavu: popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawapa hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na rai ile, ya kutoingia nchi yenye tauni wala kuitoka kwa kuikimbia. Na tauni ile ile ilipozidi, Amr bin Al-As (R.A.) aliwaamuru watu watawanyike milimani mpaka ikaondoka. Hawa ndio waliotufundisha kutawakali. Atakaye kutawakali zaidi yao, atuonyeshe alikokupata.

Tena yako maneno mengine, nayo ni ya hatari zaidi kwa kuwa yana kweli ndani yake. Mtu husema: mimi nimetahiriwa, maradhi haya hayanipati. Neno hili tulilisikia hapa Daraja Mbili kwa Waislamu na kwa Wakisii wasio Waislamu pia, maana nao hutahiri watoto wao tangu zama za wazee wao. Kweli iliyomo ni hii. Mji wa Kisumu, ambao si mbali na hapa, ulifanywa utafiti juu ya vijana wanaume 2,784, na Desemba 2006 ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ilidhihirika kuwa waliotahiriwa huambukizwa na wanawake kwa uchache kuliko wasiotahiriwa, upungufu wa kiasi cha 60 katika 100. Nasi twamshukuru Mungu kwa sunna yetu. Lakini sitini si mia. Ukuta ulioanguka fungu kubwa, mwizi haulizi ni fungu ngapi zilizobaki. Na mwanamume aliyetahiriwa akisha kuwa na virusi, kutahiriwa kwake hakumkingi mkewe. Basi msiifanye sunna ya Mtume kuwa leseni. Na wale wanaotahiri watoto kwa pamoja nyumbani, kwa wembe uliokwisha kumpitia mtoto mwingine, wamwogope Mungu, kwani huenda wakawatia watoto katika maradhi siku ile ile wanayowatia katika sunna.

Sasa twaja kwenye swali lililozusha darsa hii. Mzee mmoja katika jamaa zetu ana binti aliyeposwa na mfanya biashara wa Pwani, mtu mwenye mke mwingine huko kwao, na mwenye kusafiri miezi kwa miezi. Mzee akataka mposaji na binti wote wawili wakapime damu kabla ya nikaha. Jamaa wa mposaji wakaghadhibika. Walisema kwamba kutaka kipimo ni kumtuhumu mtu kwa zina bila ya mashahidi wanne, na posa ikakaribia kuvunjika. Mzee akatuuliza: je, nimekosa?

Jawabu letu lilikuwa kwamba hakukosa, bali ametimiza amana ya uwalii. Kipimo cha damu si ushahidi wa zina wala hakifanani nao. Yuko aliyezaliwa na virusi, na yuko aliyeambukizwa na mumewe wa kwanza aliyekufa, na yuko aliyechomwa sindano isiyo safi. Mwenye kusema kila mwenye virusi ni mzinifu ndiye anayestahiki kuulizwa mashahidi wanne wako wapi. Tena sisi watu wa Pwani madhehebu yetu ni ya Imam Shafi, na kila aliyesoma mlango wa nikaha anajua kuwa wanazuoni wetu wamezihesabu aibu ambazo mmoja wa mume na mke akizikuta kwa mwenzake ana haki ya kuvunja ndoa, na katika hizo wametaja jedhamu na mbalanga. Walizitaja kwa sababu ya madhara na kuchukiza kwake. Iwapo jedhamu, ambayo yaonekana usoni, mtu ana haki ya kuijua, vipi yale yasiyoonekana ambayo mtu aweza kuyachukua miaka minane au kumi bila ya dalili?

Lakini tulimtahadharisha mzee kwa mambo mawili. Moja ni kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya Ukimwi yakataza kumlazimisha mtu kupima ili apate kuoa au kuolewa. Msikiti wala kadhi hawawezi kusema: leteni cheti kwanza. Sisi twaona sheria hiyo ina hekima, maana mambo ya lazima huzaa vyeti vya uongo, na wajuao masoko wanajua vyeti hivyo hupatikana kwa bei gani. Linalofaa ni nasaha, na kuifanya desturi ya watu wote, tajiri na masikini, shekhe na mchukuzi, hata isibaki kuwa tuhuma kwa yeyote. Watu wenye cheo waanze. Wakianza wao, wengine hawataona haya. Waposaji waende pamoja, wapimwe pamoja, na majibu yawe yao wawili.

La pili ni siri, na hapa ndipo jamaa zetu wanapoharibu kuliko popote. Mnakijua kisa cha Maiz, aliyekwenda mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kuikiri dhambi yake, na Mtume akawa akimgeuzia uso mara baada ya mara. Aliyemshauri kwenda alikuwa mtu mmoja aitwaye Hazzal. Mtume alimwambia Hazzal baadaye kwamba lau angalimsitiri kwa nguo yake ingalikuwa kheri kwake. Na huyo Maiz alikuwa ana dhambi aliyoikiri kwa kinywa chake! Basi ni ipi hukumu ya yule anayemwona mwanamke amesimama kwenye dirisha la dawa, asijue lolote katika mambo yake, akarudi mtaani kuwa mpiga mbiu? Twajua habari ya mwanamke aliyeacha kwenda kuchukua dawa kwa sababu karani wa kituo kimoja alilitaja jina lake na maradhi yake mbele ya watu waliokaa foleni. Mwanamke yule alikuwa mja mzito. Mwenye kusoma maneno haya na azipime hizo dhambi mbili, ya karani na ya huyo mama ambaye huenda hakuwa na dhambi yoyote.

Kwani mja mzito mwenye virusi, asipotumia dawa, hatari ya kumwambukiza mtoto katika mimba, katika kuzaa na katika kunyonyesha ni baina ya 15 na 45 katika kila 100. Akitumia dawa vyema, hushuka chini ya 5. Na mtu mzima atumiaye dawa kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mkewe wala mumewe kwa njia ya kujamiiana. Hili limethibitika kwa tafiti kubwa za mataifa mbalimbali. Kwa hiyo tulimwambia mzee: hata kipimo kikitoka kibaya, usidhani mlango wa ndoa umefungwa. Wenye kujua na kuridhia, na kufuata dawa, huoana na kuzaa watoto wazima. Linaloangamiza ni kuficha.

Na dawa twaikusudia dawa ya hospitali. Ndugu zetu hawajasahau mwaka 2011, watu walipomiminika kwenda Samunge katika Loliondo, nchi ya Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wakenya walivuka mpaka kwa mamia ya magari, na Waislamu wakiwamo. Wako walioacha dawa zao baada ya kikombe, na maradhi yakawarudia kwa nguvu. Lakini tusimcheke mchungaji huku kwetu mna waandishi wa kombe wanaochukua fedha za mgonjwa na kumwambia aache vidonge, vinapigana na aya. Qur'ani haipigani na kidonge. Mwombee mgonjwa, msomee, kisha mkumbushe saa yake ya kumeza dawa. Dawa nyingi za siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Mwezi wa Ramadhani, kwa shauri la daktari, aweza kukimeza kwa futari au kwa daku, na saumu yake ikabaki salama.

Twajua kuwa sasa mtatuuliza habari ya mipira ya kondomu. Baina ya mume na mke, ambao mmoja wao ana virusi na dawa bado haijavipunguza, hatuoni hoja ya kuikataza. Sahaba walikuwa wakifanya azl, kama alivyopokea Jabir (R.A.), wala hawakukatazwa, na hili lina sababu kubwa kuliko azl. Ama kwa mzinifu, haramu yake ni zina, haizidi kwa kujikinga, na kutojikinga hakuipunguzi. Bali aongezaye kuua juu ya kuzini ana mbili. Wala hatuoni kuwa ni kazi ya msikiti kuigawa, lakini si kazi ya msikiti pia kuwapiga vita madaktari wanaoigawa. Na hukumu ni hiyo hiyo katika jambo linaloitesa Pwani yenu kuliko Kisii yetu, nalo ni sindano za heroini. Mwaka 2012, serikali ilipotangaza mpango wa kuwapa watumiaji sindano safi, masheikh na mapadri wengi wa Pwani waliupinga. Twafahamu ghera yao. Lakini wakati huo, katika kila watumiaji wa sindano 100 katika Kenya, kiasi cha 18 walikuwa na virusi, nao wana wake na watoto. Madhara mawili yakikutana, huchukuliwa lililo jepesi. Kanuni hii twaisomesha kila mwaka, na haikuandikwa ili ibaki chuoni. Tangu 2015 Malindi ina mahali pa kutibiwa watu hawa kwa methadoni. Msikiti ulio karibu unaweza kumsindikiza kijana mpaka hapo, badala ya kumwacha barazani wapita njia wakimtemea mate.

Wala msidhani haya ni mawazo ya shekhe mmoja aliyekaa sokoni Kisii. Jirani zetu Uganda walitutangulia zamani. Jumuiya ya madaktari wa Kiislamu wa huko iliasisiwa mwaka 1988, na mwaka 1992 ikaanza kuwafundisha maimamu wa misikiti, kila imamu na wasaidizi wake, wanaume na wanawake, wakawa wakizunguka nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu. Waliyazungumza yote: ndoa, wembe wa tohara, hata namna ya kumwosha maiti kwa usalama. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi lilitoa kitabu juu ya kazi yao ili wengine wajifunze. Na ni Kampala hiyo hiyo ambako mwaka 2001 walikutana viongozi wa Kiislamu wa nchi nyingi kwa jambo hili. Twasikitika kuwa miaka imepita na misikiti mingi ya Kenya bado yangoja kuanza.

Yafaa tuanze sasa, kwa kuwa waliokuwa wakitufanyia wamepungua. Tangu mwaka 2003 fedha nyingi za dawa, vipimo na mishahara ya wafanya kazi wa Ukimwi katika nchi yetu zilitoka Marekani. Januari 2025 rais wao alizisimamisha kwa amri moja, na baadhi ya vituo vikafunga milango, na wafanya kazi wengi wakarudi makwao, hata baadaye baadhi ya huduma zikarejea kwa upungufu. Shirika lao la misaada, USAID, lilikoma kazi Julai mwaka huo huo. Na haya yamekuja wakati elimu imefika mbali kuliko wakati wowote: mwaka 2024 ilitangazwa kuwa katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 walidungwa sindano ya kinga iitwayo lenacapavir, ambayo hudungwa mara mbili tu kwa mwaka, na hakuambukizwa hata mmoja. Fikirini sindano hiyo kwa mke wa msafiri.

Jambo la faradhi kifaya, akilifanya mmoja huwaondokea wengine. Aliyekuwa akilifanya akiondoka, larudi kwenye shingo za wote. Imam Ghazali aliyahesabu mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Maradhi haya huingia katika mengi ya hayo, na masikini mwenye kuugua ana fungu lake katika zaka kwa umasikini wake, bila ya kuulizwa aliyapata wapi.

Sisi wa darsa ya Daraja Mbili tumeafikiana hivi. Kisanduku kimewekwa kwa nauli za wagonjwa wasio na uwezo wa kufika kliniki, nacho hushikwa na watu wawili, mmoja mwanamke, wasiotaja jina la mtu kwa yeyote, hata kwetu. Muuguzi Muislamu atakuja kusomesha baada ya Alasiri, siku moja kwa wanaume na siku moja kwa wanawake. Na kabla ya nikaha yoyote tutakayoombwa kusimamia, tutawanasihi waposaji wakapime, bila ya kuwalazimisha. Ndugu wa Pwani wanaopokea mizigo kutoka huku tumewaomba waweke utaratibu kama huo katika misikiti yao, khasa iliyo karibu na masoko na stendi za mabasi, ili mtu atokaye hapa na dawa yake asikose pa kuichukua akifika huko. Barua zao twazitaraji kabla ya Shaaban. Ama yule mzee, jamaa wa mposaji wamekubali mazungumzo mengine, na hatujui bado yataishia wapi.